Muulize Kama Amekunywa Maji

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ultrasaundi, mtaniwia radhi kwa kuwaita wadogo. Nina miaka thelathini na tatu tu. Huku Mtumba, nje kidogo ya Dodoma, kwenye ofisi ninakopanga orodha za vifaa vya hospitali, wenzangu wananiita mstaafu, kwa sababu niliacha chumba cha kupimia baada ya miaka tisa, wakati watu wa rika langu ndio kwanza wanapandishwa vyeo. Nimezoea utani huo. Mstaafu ana haki ya kusumbua vijana kwa hadithi, na mimi nina hadithi moja inayonikera mpaka leo. Inahusu shingo, na inahusu maji ya kunywa.

Chuoni nilifundishwa kupiga picha za mifupa na vifua, na ultrasaundi ya tumbo na ya wajawazito. Mishipa ya shingo nilijifundisha mwenyewe. Kituo chetu, kituo cha binafsi chenye vyumba sita hapa Dodoma mjini, kilinunua mashine mpya yenye dopla, ile inayoonyesha damu inavyokwenda kwa rangi nyekundu na buluu, na hakuna aliyejua kuitumia kwa shingo. Nikasema mimi nitajifunza. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu asiyeogopa, kisha nikaenda kujifungia chooni na kitabu cha maelekezo.

Nilijifunza kwa video za kwenye simu, kwa vitabu vya kuazima, na kwa shingo za watu. Shingo ya kwanza ilikuwa yangu. Niliegemeza kioo kwenye meza, nikajipaka jeli, nikajipima upande wa kulia kwa mkono wa kushoto. Sikuona mshipa. Nikabonyeza zaidi. Sikuona. Kwa wiki nzima niliamini nimezaliwa bila mshipa wa upande ule, na nilimwandikia mama yangu ujumbe wa kumuuliza kama nilizaliwa na tatizo lolote. Akajibu: "Tatizo lako ni kufikiri. Umekula?"

Kumbe nilikuwa naubana kwa kubonyeza. Hilo liwe fundisho la kwanza. Shingoni kuna mishipa miwili mikubwa, mmoja kila upande, inayoshusha damu kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye moyo. Jirani yake kuna ateri inayopandisha. Ateri haina shida: ina ukuta mgumu, inadunda, haijali sana unaishikaje. Huo unaoshusha ni laini. Ukimkalisha mtu, unajikunja. Ukimlaza, unajaa. Akivuta pumzi unapungua, akiizuia unavimba, na ukiweka uzito wa kidole tu kwenye probu, kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, unapotea kwenye skrini kana kwamba haukuwahi kuwepo. Kwa hiyo weka jeli nyingi, nyingi mpaka mgonjwa akuonee huruma, halafu acha probu ielee juu ya jeli. Mkono wako upumzike kwenye mfupa wa bega lake, usipumzike kwenye shingo.

Na mnyang'anye simu. Nakumbuka bwana mmoja, mtu wa wizarani, alikuja na suti na haraka. Nilikuwa nimempata vizuri kabisa, mshipa umetulia, nikitaka kupima tu simu yake inaita. "Ndiyo, mheshimiwa," anasema, na pumzi anaibana kifuani kama mtu aliyesimamishwa mbele ya bendera. Mshipa unavimba mara mbili. Anakata simu, unarudi. Ninaanza upya, bosi anapiga tena. Mara ya nne nikamwambia, "Mzee, nikiandika nilichokiona hapa, ripoti itakuwa ya bosi wako." Alicheka, na kicheko nacho ikabidi nikisubiri kiishe.

Hayo yote niliyajua. Mto mwembamba, kichwa kisigeuke sana, pumzi ya kawaida, mkono mwepesi. Nilikuwa na orodha ukutani, nimeiandika kwa kalamu za rangi tatu, na kila shingo niliipima mara saba. Siyo mara tatu kama wengine. Saba. Wagonjwa walikuwa wanalala usingizi kitandani kwangu. Bi Zuhura, mama wa mapokezi, alikuwa anagonga mlango na kuuliza, "Esta mwanangu, huyo unampima au unamchora?"

Bi Zuhura mtamjua vizuri zaidi mbele. Ni mtu wa mjini hapa hapa, babu yake mzaa babu alifika na misafara ya biashara akaona maji ya kisima ni mazuri akabaki. Ndivyo anavyosimulia yeye. Alikuwa anashughulikia mafaili, foleni, ugomvi wa foleni, na maelekezo ya wagonjwa kabla ya kipimo. Hakuwa amesomea mashine yoyote.

Sasa nije kwa Mama Sechelela.

Alikuja siku ya Ijumaa kutoka Haneti, na mwanawe Yohana, dalali wa mahindi huko Kibaigwa, aliyefika kutoka upande wake ili wakutane kwetu. Mama alikuwa mwembamba, mwenye umri wa kati ya hamsini na sitini, kitenge kimefungwa vizuri, miguu ina vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo. Nilimwamkia shikamoo, nikaongeza na "mbukwenyi" yangu mbovu, akacheka na kuniuliza kwa Kigogo jambo ambalo sikulielewa. Yohana akatafsiri: "Anauliza nani kakufundisha vibaya hivyo."

Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa miezi. Sikio la kulia lilikuwa linavuma, linavuma na kudunda, hasa akilala. "Kama mtu anatwanga nyumba ya pili," alisema. Tumbo nalo lilikuwa linachoma. Daktari wetu, Dk. Kulwa, akaandika vipimo viwili kwa siku moja: tumbo, na mishipa ya shingo.

Tumbo lilikuwa halina neno. Shingo ilikuwa jambo jingine. Nilimlaza, nikafuata orodha yangu yote, mto, pumzi, mkono. Mshipa wa kulia ulikuwa umesinyaa kama gunia lililomwagwa mahindi. Wa kushoto ulikuwa ufa tu. Nilipima mara saba. Nikapima tena mara saba. Mikono yangu ilianza kutokwa na jasho, si kwa woga, na hapa ndipo ninapoona aibu kuwaambia. Ilikuwa furaha. Miaka minne nilikuwa nasoma kuhusu mishipa ya shingo iliyobana, ikizuia damu kutoka kichwani, na sasa nilikuwa nayo mbele yangu, na dalili zote zinalingana: kichwa, sikio, kulala.

Niliandika ripoti ndefu. Kila sentensi niliisoma kwa sauti ya chini. Nilibadilisha neno moja mara tano. Dk. Kulwa aliisoma amesimama mlangoni, akasema, "Esta, hii hata Dar hawaandiki hivi." Akaandika rufaa: wataalamu wa mishipa, Dar es Salaam, waangalie uwezekano wa kuupanua mshipa kwa mrija. Nilimsikia akimweleza Yohana, na nilimsikia Mama Sechelela akiuliza, "Watanikata shingo?" Yohana akasema, "Hawakati mama, wanapitisha kamba ndogo ndani." Mama alikunja bahasha yenye ripoti yangu na rufaa, akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Walipanga walale Kibaigwa kwa Yohana, siku ya Jumapili alfajiri wapande basi la Dar.

Usiku ule nililala vizuri, jambo ambalo kwangu ni nadra. Kumbukeni hilo. Siku niliyokosea ndiyo niliyolala.

Jumamosi tulikuwa tunafanya kazi nusu siku. Wagonjwa walikuwa wachache, na mimi nilikuwa nimekaa mapokezi nikinakili daftari langu la mazoezi kwenye daftari jipya, kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa na tabia hiyo. Daftari likichafuka kwa mistari ya kufuta, sikuweza kulitazama, nililinakili upya. Lile lilikuwa daftari la mwaka wa kwanza, nilipokuwa najifunza kwa shingo ya Bi Zuhura. Alikuwa anajitolea saa za chakula cha mchana. Kurasa nane za kwanza nilikuwa nimezipiga msalaba zote, na pembeni nimeandika: MKONO MZITO. RUDIA.

Bi Zuhura alikuwa anakunywa chai pembeni yangu. Akanyoosha kidole.

"Hizi mbona umezifuta?"

"Zilikuwa mbaya, Bi Zuhura. Nilikuwa nakubana. Tazama, mshipa mwembamba, mwembamba, mwembamba. Halafu hapa, ghafla, mzuri. Ndipo mkono wangu ulipotulia."

Akaivuta karatasi karibu na macho. Nilikuwa nimeandika tarehe, kwa sababu mimi huandika tarehe hata kwenye karatasi ya kufungia maandazi.

"Mwanangu," akasema, "huu ulikuwa mwezi wa Ramadhani."

"Ndiyo?"

"Ndiyo nini? Unafikiri kwa nini nilikuwa na nafasi saa ya chakula? Nilikuwa nimefunga. Saa nane mchana, jua la Dodoma, sijatia hata tone mdomoni tangu daku. Na hii tarehe unayosema mkono wako umetulia, hii ni baada ya Idi. Nilikuja kwako nimeshiba maji na soda."

Nilitazama kurasa nane za misalaba. Zilikuwa sahihi. Mkono wangu ulikuwa mwepesi tangu mwanzo, au mwepesi vya kutosha. Mshipa ule ni mfuko laini tu. Mwili ukikauka, kilichomo kinapungua, mfuko unalala. Bi Zuhura alikuwa ameninyooshea shingo siku nane mfululizo, na mimi, kwa kuwa kila kitu kisichonyooka nakidhania kuwa kosa langu, niliyafuta yale niliyoyaona na kubaki na yale niliyoyatarajia. Mtu akiwaambia kwamba kujilaumu ni unyenyekevu, msikubali haraka. Mimi kulinifanya nisione.

Bi Zuhura alikuwa bado anaongea. "Tena kama ni hivyo, yule mama wa jana, wa Haneti, naye alikuwa kafunga. Mimi ndiye niliyemwambia kwa simu. Kipimo cha tumbo, asile wala asinywe tangu jua la juzi kuzama. Si ndivyo karatasi yenu inavyosema?"

Ndivyo ilivyokuwa inasema. Karatasi ile niliichapa mimi.

Tangu jua kuzama siku iliyotangulia. Halafu safari ya basi kutoka Haneti, kiangazi, upepo ule mkavu unaopasua midomo. Halafu foleni. Nilimpima saa nane na nusu mchana.

Kuna watu ambao wangeinua simu papo hapo. Mimi nilikwenda chumbani kwangu nikafunga mlango, nikaanza kutunga maneno. Nilitunga hivi: mashine ilikuwa inasumbua, fundi amekuja, tunaomba kurudia. Ilikuwa sentensi nzuri. Hakuna anayemchukia mtu kwa ajili ya mashine. Niliifanyia mazoezi, nikabadilisha "inasumbua" kuwa "ilipata hitilafu ndogo". Dakika ishirini zilipita hivyo, na mama wa watu yuko Kibaigwa anafunga mizigo.

Nilipopiga, Yohana alikuwa sokoni. Nyuma yake kulikuwa na kelele za magunia na mtu anayelalamika kwamba mahindi yana mchanga.

"Nani mwenzangu?"

"Ni Esta, wa ultrasaundi."

"Ee, daktari."

"Mimi si daktari."

"Sawa, daktari. Kuna nini?"

"Mama yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Kina shangazi wamekuja kumwombea. Kesho alfajiri tunaondoka."

"Naomba umrudishe Dodoma leo. Turudie kipimo."

Akaongea kwa sauti ya chini, nadhani alisogea pembeni. "Umeona kingine? Niambie mimi, usimwambie yeye."

"Hapana. Naona nilichokiona siyo sahihi."

"Umekosea wewe au mashine imekosea?"

Mnaona alivyonifungulia mlango. Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni. Sijui kwa nini haikutoka. Labda kwa sababu aliniuliza moja kwa moja, kama anavyouliza watu kila siku kuhusu mahindi yao.

"Mimi," nikasema.

"Lakini karatasi ina mhuri."

"Ina mhuri."

"Kwa hiyo na mhuri umekosea?"

"Yohana, mama alikuwa hajanywa maji karibu siku nzima. Sisi tulimkataza. Mishipa ile ya shingoni inalala mtu akikauka. Naweza kuwa nimeona kiu nikaiita ugonjwa."

Akasema, "Dada, pale nyumbani watu wameshalia. Unajua kumrudisha mtu aliyeshaliliwa?" Kisha akasema watakuja, na akakata.

"Anywe maji njiani," nilisema, kwa simu iliyokwisha kukatwa.

Walichukua zaidi ya saa mbili kufika. Nitatumia nafasi hiyo kuwaambia kwa nini niliacha kazi, maana wengi hudhani ni kwa sababu ya siku ile. Siyo. Nilifanya kazi miaka mingine minne baada yake, na nadhani nilikuwa bora. Niliacha kwa sababu nilikuwa nikifika nyumbani narudi kazini kuhakikisha nimezima mashine, halafu narudi tena kuhakikisha nimeandika upande wa kulia kuwa wa kulia. Dada yangu alinifuata siku moja akanikuta nimesimama kwenye geti la kituo, giza limeingia, nabishana na mlinzi. Akasema, "Esta, kazi hii inakumaliza." Nikakubali. Kwa hiyo nikiwaambia pimeni vizuri, sisemi pimeni mara saba. Mara tatu zinatosha. Muda unaobaki, ongeeni na mtu aliyelala kitandani. Ningemuuliza Mama Sechelela swali moja tu, "Leo umekunywa nini?", ningejua zaidi ya vipimo kumi na vinne.

Dk. Kulwa nilimweleza wakati tunawasubiri. Alikuna kidevu. Kisha akasema, "Rudia kipimo, chapa ripoti mpya. Ile ya zamani ukiipata ichane. Usijitangaze sana." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatulinda wote, na yeye mwenyewe alikuwa amesaini rufaa. Nilimwambia kwamba nimeshajitangaza. Akavuta pumzi, akasema, "Basi na mimi nitakaa chumbani wakati unapima."

Wakafika. Mama Sechelela alikuwa hajanywa chochote njiani. "Ukinywa maji kwenye basi unamsumbua dereva," alisema. "Mara mzee huyu anataka kushuka, mara mzee yule. Mimi nikisafiri nafunga mdomo." Ndivyo wanavyosafiri watu wengi wa huku kwetu, na hakuna karatasi ya hospitali inayolijua hilo. Aliponitazama hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na macho yalikuwa yamevimba kwa kilio cha kina shangazi.

Hapa naomba mnisikilize. Msimnyweshe mtu maji mengi kwa sababu mmesoma hadithi yangu. Kuna mioyo na figo ambazo maji mengi ni hatari kwao. Dk. Kulwa alimsikiliza kifua kwanza, akampima shinikizo la damu, akaruhusu. Tukampima shingo kama alivyokuja, mkavu: ilikuwa ile ile ya jana, ufa na gunia tupu. Kisha Bi Zuhura akaleta maji na uji wa uwele kutoka kwa mama muuza uji wa nje, na Mama Sechelela akaanza kunywa. Kikombe cha kwanza alikunywa kwa adabu. Cha pili kwa kiu. Cha tatu alikiomba mwenyewe.

"Jana ningevipata wapi hivi," alisema.

"Jana nilikukataza mimi," Bi Zuhura akasema. "Unisamehe, dada."

"Wewe uliambiwa useme, nami niliambiwa nitii. Tupo sawa."

Alipomaliza cha nne tulisubiri saa nzima. Nilijua kwamba sitapima mara saba, kwa sababu Yohana alikuwa amesimama karibu na ukuta ananitazama mikono. Nilimlaza mama. Mto ule ule, mkono ule ule. Nikaelea juu ya jeli.

Mshipa wa kulia ulikuwa mviringo. Umejaa, unapumua naye, damu inashuka bila kizuizi chochote. Wa kushoto ulikuwa mdogo kuliko wa kulia, kama ilivyo kwa watu wengi, lakini ulikuwa wazi kutoka juu mpaka chini. Niligeuza skrini waone wote. Nikawaonyesha picha ya jana, kisha ya leo kabla ya maji, kisha hii. Yohana, ambaye maisha yake ni kutazama magunia, aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Shingo moja," alisema.

"Shingo moja," nikasema. "Haina tatizo. Mama, huna haja ya kwenda Dar kwa ajili ya shingo. Nilikosea."

Nilitegemea atafurahi. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa furaha yake. Alikaa kitako taratibu, akafuta jeli kwa kitambaa, akauliza:

"Kwa hiyo kichwa changu kinauma bure?"

Alitutazama mmoja mmoja.

"Jana nilikuwa na ugonjwa," akasema. "Wenye jina. Nimewaambia ndugu zangu jina lake. Leo mnasema sinao. Lakini kutwanga kupo, nakusikia sasa hivi mnapoongea."

Vijana, nilikuwa nimefikiria kosa langu saa zote zile, namna ya kulisema, namna ya kulibeba, na sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba nikiliondoa kosa, mtu anabaki na maumivu yale yale na mikono mitupu. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa imefunga mlango wa kutafuta. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko safari ya Dar.

Dk. Kulwa ndiye aliyesogea. Alikaa kwenye kiti changu, akamshika mama mkono, akaufungua na kutazama kiganja. Akavuta kope la chini la jicho. Jana hakulivuta, na mimi sikumlaumu, kwa sababu jana nilimpa ripoti ambayo haikuacha nafasi ya swali. Ndani ya kope palikuwa peupe.

"Mama, unakunywa dawa gani?"

"Za maumivu. Za magoti. Tangu wakati wa palizi."

"Kila siku?"

"Kila nikitaka kusimama."

"Choo chako ni cheusi?"

Mama alimtazama Yohana. Yohana akatoka nje bila kuambiwa. "Hilo si la kusema mbele ya watoto," alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo. Cheusi kama lami."

Tone la damu la kidoleni lilitosha. Damu ilikuwa imeshuka sana. Zile dawa zilikuwa zimechubua tumbo, nayo ikawa inavuja kidogo kidogo humo, mahali ambapo ultrasaundi yangu isingeweza kuona, kwa miezi. Dk. Kulwa alimweleza taratibu: damu ikipungua, moyo unaisukuma kwa kasi ili itoshe, nayo inapita karibu na sikio kwa kelele. Ndiyo huyo mtu anayetwanga. Kichwa nacho kinalalamika. Alazwe leo leo, hospitali kubwa ya hapa hapa mjini, aongezewe damu, tumbo liangaliwe kwa kamera. Yohana aliitwa akaambiwa.

"Kwa hiyo kesho tungekuwa kwenye basi," alisema.

"Ndiyo," Dk. Kulwa akasema.

Nitawaambia mapema kwamba alipona, ili msiumie kama nilivyoumia mimi nikisubiri. Alipona, akaacha zile dawa, na Yohana alinipigia miezi kadhaa baadaye kuniambia kutwanga kumekwisha. Tangu siku ile kila ripoti yangu ya shingo ilianza na mstari mmoja kabla ya vipimo vyovyote: amekunywa maji mara ya mwisho saa ngapi, kiasi gani, amefunga au hakufunga, amesafiri kutoka wapi. Bi Zuhura ndiye aliyekuwa anauliza, na alikuwa anauliza vizuri kuliko mimi, kwa sababu watu hawamdanganyi. Karatasi ya maelekezo tuliigawa: moja ya tumbo, moja ya shingo. Mwenye vipimo vyote viwili alikuwa anapimwa tumbo kwanza asubuhi, ananyweshwa, ndipo shingo. Ni jambo dogo mpaka unaona aibu kulifundisha.

Lakini siku ile, wakati Yohana ameenda kutafuta gari la kumpeleka mama hospitali, nilibaki naye peke yangu chumbani. Nilikuwa na hotuba. Niliitunga tangu asubuhi, ilikuwa na mwanzo na mwisho, na sehemu moja nilijua nitalia. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Mama," nikaanza, "kuhusu ile ripoti ya jana, nataka nikuombe—"

Akanishika kiwiko.

"Mwanangu, maneno hayachachi, yatakaa. Mmeninywesha kama ng'ombe wa kiangazi. Choo kiko wapi?"

Nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri, na kwa hatua chache tu alilazimika kusimama na kupumua. Tulikwenda hivyo ukumbini, tunasimama, tunakwenda. Mlangoni alifungua ncha ya kitenge, akatoa ile bahasha ya ripoti ya jana, akanipa.

"Nishikie," alisema. "Na usiandike kitu mpaka nitoke."